Komande Tatu za Kalembe

Katika mwaka ule ambao barabara ya Sake ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa kuku, Kavugho alikuwa amefikia hali ya kusinzia popote anapoegemea. Hakuwa mgonjwa. Nyumba ya mama yake pale Bweremana ilikuwa imejaa ndugu waliokimbia kutoka Kitchanga na Mweso, na wengine ambao si ndugu ila walifika pamoja na ndugu, na kila kona ilikuwa na mkeka na kila mkeka ulikuwa na mtu anayekohoa. Kavugho alilala ukutani, miguu imekunjwa, na kila mtu aliyetoka nje usiku alimruka.

Mama yake, Kasoki, alikuja Bweremana, pwani ya ziwa, zamani, bi harusi kutoka Butembo, akafungua na mumewe duka la chumvi, sabuni na vitenge. Mume alikufa, duka likabaki, na sasa vita ilikuwa imelikausha hata rafu zikaonekana mbao tupu. Kasoki aliendelea kulifungua kila asubuhi. Alifagia, akapanga vipande vya sabuni vilivyobaki mbele mbele ili duka lisionekane tupu, akakaa.

Kavugho ndiye mtoto aliyesomea kompyuta Goma kisha akarudi. Wenzake wengi hawakurudi. Yeye alirudi kwa sababu shirika moja la makanisa, lililokuwa linapeleka dawa kwenye vituo vya afya vya milimani Masisi na ndani ya msitu wa Walikale, lilifungua depo, ghala lake la dawa, Bweremana, karibu na maji, kwa kuwa dawa zilifika kwa mashua. Muuguzi aliyekuwa huko juu aliagiza dawa kwa simu. Alifungua programu, akachagua anachohitaji, akafinya kitufe, na komande yake, yaani oda, ikasafiri hadi kwenye seva, mashine moja iliyokaa chumba cha nyuma cha depo ikila umeme wa jua. Seva ikijibu kwamba imepokea, muuguzi anajua dawa zinakuja. Kabla ya hapo walikuwa wanatuma mtu kwa miguu.

Aliyeitengeneza programu hiyo ni kijana mmoja hodari aliyeitwa Jules. Hakuanza patupu. Alichukua kiunzi, yaani msingi wa programu ambao watu wa mbali walishautengeneza na kuutoa bure kwa yeyote, nguzo na paa vikiwa tayari, naye akabaki kuweka kuta na milango. Juu ya kiunzi hicho akaandika pia majaribio: programu ndogo ndogo za kuijaribu programu kubwa, ambazo zinajiendesha zenyewe kila unapobadilisha kitu. Jaribio likifaulu linatoa alama ya kijani, likishindwa linatoa nyekundu. Vita iliposogea Jules alipata kazi Kampala, akaondoka. Alimwachia Kavugho kila kitu pamoja na ushauri mwingi, na ule aliousisitiza zaidi ni huu, kwamba ukiona kijani tupu, funga mashine uende ukalale.

Kavugho aliona kijani tupu kila siku. Kulala ndiko kulikomshinda.

Tatizo lilianzia Kalembe, kijiji cha wakulima kilichokaa pale Masisi inapokutana na Walikale. Komande ya dawa za malaria na za kuzuia kuharisha ilifika kutoka huko, ikafungashwa, ikaondoka kwa pikipiki. Ikafika nyingine hiyohiyo. Ikafika ya tatu. Mtu wa stoo alikuwa na kazi nyingi, akafungasha zote. Kituo kingine, mbele kabisa kuelekea msituni, kilipoagiza dawa hizo hizo hapakuwa na kitu, na huko akina mama walirudishwa nyumbani na watoto wenye homa, wakipewa maji na maneno ya faraja.

Mratibu wa shirika, Papa Benoît, alikuwa mtu mzima, mkatoliki wa kanzu nyeupe siku ya Jumapili, ambaye alikuwa amezeeka haraka katika kazi hiyo. Alipoziona komande tatu zinazofanana, hakufikiria kompyuta. Alifikiria Kalembe ilivyo, watu wenye bunduki wanavyopita pale leo hawa kesho wale, na bei ambayo dawa ya malaria inaweza kupata porini. Asubuhi iliyofuata aliingia katika chumba cha fonie, ile redio ya masafa marefu ambayo vituo vyote viliisikiliza saa ile ile kila asubuhi, akatangaza kwamba muuguzi mkuu wa Kalembe, Mama Adelaïde, amesimamishwa kazi mpaka aeleze dawa zimekwenda wapi. Alisema kwa upole. Lakini alisema mbele ya masikio yote ya milima ile, na kabla ya jua kufika utosini Kalembe nzima ilikuwa inasema kwamba Adelaïde anawatibu watu wa porini. Wengine walitaja kundi hili, wengine kundi lile. Kwa upande wowote, ni maneno ambayo yanaweza kumuua mtu.

Adelaïde hakungoja. Alifunga kituo, akakabidhi ufunguo, akashuka. Siku kadhaa baadaye alitokea mlangoni pa depo, viatu vimepasuka, akiwa amepitia njia za mashambani kukwepa vizuizi. Alikuwa Muhunde wa huko huko milimani, binti wa wakulima wa maharage na mihogo, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Benoît alimuuliza maswali mchana kutwa. Alijibu yale yale mchana kutwa. Dawa zilifika nyingi. Aliwagawia wagonjwa. Hazikubaki. Benoît alipomuuliza kwa nini basi aliagiza mara tatu, alisema hakuagiza mara tatu, aliagiza mara moja, na hapo Benoît akafunga faili lake.

Kavugho alikuwa chumba cha pili, ukuta wa mbao. Alisikia yote. Jioni alimkuta Adelaïde amekaa kwenye ngazi za depo hana pa kwenda, akamwambia twende nyumbani, patapatikana nafasi. Nafasi ilipatikana kwa Kavugho kukunja miguu zaidi.

Kesho yake, wakiwa wanamenya viazi nyuma ya nyumba, Kavugho ndipo alipomwuliza.

"Mama Adelaïde, miye sitaki kukuuliza kama uliiba. Nielezee tu vile ulifanya na telefone, pole pole."

Adelaïde aliweka kisu chini. "Nilipanda kule juu, fasi réseau ya telefone inapatikanaka. Nikafinya. Ikazunguka, ikazunguka, kisha ikaandika na rangi nyekundu: haikufaulu, tuma tena." Alimtazama Kavugho usoni. "Iliniambia nitume tena, nikatuma. Ikaniambia tena, nikatuma tena. Weye ungefanya nini?"

"Na dawa ilipofika mingi?"

"Nilifikiri munaona vile bantu banakimbia, njo maana mumeongeza. Nilibapatia. Bote."

Kavugho akauliza kama miongoni mwao walikuwamo wenye bunduki.

"Benye bunduki banaugulaka malaria pia," alisema Adelaïde. "Bakikuya, sina mulango wa kubafungia." Akaokota kisu akaendelea na kiazi chake.

Kavugho alimwamini, na kumwamini huko kulimwongezea uchovu, kwa sababu sasa kazi ilikuwa yake. Alikwenda kwenye mashine akaendesha majaribio yote ya Jules. Kijani, kijani, kijani. Hata jaribio la kutuma komande upya lilikuwa kijani.

Akaanza kusoma programu mstari kwa mstari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sehemu alizozikuta zinafanya kazi. Kila programu inayoongea na mashine nyingine lazima iwe na kikomo cha kusubiri. Ikikosa jibu hadi hapo, ikate tamaa, la sivyo itakaa imeduwaa milele. Alitafuta mahali Jules alipoweka kikomo hicho, hakupaona. Jules hakuweka. Kiunzi chenyewe kilikuwa na kikomo chake, kilichowekwa na watu waliokitengeneza: sekunde kumi. Mahali wanapoishi hao, sekunde kumi ni muda mrefu. Jibu limekwisha kurudi mtu hajapepesa. Juu ya kilima nyuma ya Kalembe, ambapo mtandao unakuja na kuondoka na mawingu, sekunde kumi si kitu.

Basi kwa nini majaribio hayakulalamika? Jibu lilikuwa kwenye maandalizi, ile sehemu inayotangulia kila jaribio. Maandalizi ya Jules yalifuta kila kitu cha nyuma, yakaweka stoo tupu ya komande, ile ya ndani ya mashine, yakawasha seva ya bandia ya kujibu badala ya ile ya kweli, na mwisho yakakizima kabisa kikomo cha kusubiri. Seva hiyo ya bandia ilijibu hapo hapo, kila mara, kwa adabu. Haikuwahi kuchelewa hata mara moja maishani mwake. Majaribio yale yalikuwa yamejaribu programu katika nchi ambayo haipo.

Alimpigia Jules simu. Jules alikumbuka mara moja, na hakujitetea sana. Alisema walipokuwa wanaanza, betri za depo zilikuwa mbovu. Majaribio yenye kusubiri yalichukua muda, umeme ukakatika katikati, kazi ikapotea. Akazima kusubiri ili yaishe upesi. Alikusudia kurudi kurekebisha. Kisha kukawa na vita, kisha Kampala. Akamuuliza Kavugho kama bado hataki kuja, kuna kazi, kuna umeme. Kavugho akasema watazungumza.

Alitengeneza seva nyingine ya bandia, hii ikiwa bubu. Inapigiwa, haijibu chochote. Akakirudisha kikomo. Akaandika jaribio: muuguzi anatuma, anakosa jibu, anatuma tena, anakosa tena, kisha seva inapona naye anatuma mara ya tatu. Stoo iwe na komande moja tu. Aliamini kwamba litatoa nyekundu. Lilitoa kijani. Komande ilikuwa moja.

Akarudia. Kijani.

Kavugho alikaa akiangalia alama ile. Nje watu walikuwa wanashusha magunia kutoka kwenye mashua na mtoto fulani analia. Wazo likamjia, hata hakulitaka, kwamba pengine Benoît anasema kweli. Pengine mwanamke aliyelala kwenye mkeka wake ni mwongo mwenye macho mazuri. Angekuwa na nguvu angekasirika, ila hakuwa nazo. Alifunga mashine akaenda dukani kwa mama yake, akaketi kwenye gunia tupu la chumvi.

Kasoki alikuwa kwenye simu na dada yake aliyeko Butembo. Alikuwa anampa habari ya msiba, mjomba wao aliyefia njiani akikimbia. Alisema, akangoja, akauliza kama anasikika, akangoja, akasema upya tangu mwanzo kwa sauti kubwa zaidi. Alirudia hivyo mpaka simu ikakatika. Mara dada mtu akapiga yeye, na sasa sauti yake ilisikika hadi nje ya duka, amekasirika huku analia. Alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza. Alikuwa anajibu muda wote, sauti yake ndiyo haikufika. Kwa nini Kasoki anamuua mjomba mara nne?

Kasoki alishusha simu, akajifuta macho, akasema mitandao ya siku hizi haina huruma. Alipogeuka, binti yake hakuwa tena kwenye gunia.

Seva aliyoitengeneza Kavugho ilikuwa bubu na kiziwi. Haikujibu, lakini pia haikusikia, kwa hiyo haikuandika chochote. Ya kweli haikuwa hivyo. Komande ya Adelaïde ilifika Bweremana salama, ikaandikwa stoo, na jibu likaanza safari ya kurudi. Simu kule kilimani ikakata tamaa kabla jibu halijafika, ikamwambia mwenye nayo kwamba haikufaulu. Ilikuwa imefaulu. Kila alipofinya upya, ilifaulu upya.

Aliandika seva ya tatu, inayosikia kila kitu, inaandika kila kitu, na kulibania jibu mpaka muda upite. Aliendesha jaribio. Safari hii lilitoka nyekundu, na chini yake mashine ikaeleza kwa maneno makavu kwamba ilitarajia komande moja, imekuta tatu.

Hakushangilia. Alilaza kichwa juu ya meza karibu na kibodi, na Céline, mwanamke wa fonie aliyekuwa chumba jirani, alipoingia kuomba chaja alimkuta hivyo akadhani amelala.

Benoît alisikiliza mpaka mwisho. Kavugho aliendesha jaribio mbele yake, kisha akaliendesha upya kwa kuwa Benoît aliomba kuona tena. Mzee yule alivua miwani, akaisugua kwa shati muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Alisema atamrudisha Adelaïde kazini mara moja. Kavugho akasema hiyo haitoshi. Alisimamishwa kwenye fonie, watu wote walisikia, basi asafishwe kwenye fonie, watu wote wasikie. Hapo Benoît alitikisa kichwa. Wafadhili walikuwa wanakuja kuikagua programu. Wakisikia kwamba inazalisha komande za uongo wataifunga, na vituo vyote vitarudi kutuma mtu kwa miguu, kwenye njia zile, katika vita hii. Alisema arekebishe kimya kimya, na maneno ya watu yatakufa yenyewe.

Hakuwa mtu mbaya, na alichokisema kilikuwa na uzito. Kavugho alikiona uzito wake. Aliona pia viatu vya Adelaïde vilivyopasuka. Alitamani mtu mwingine aje aamue badala yake, akajua hakuna anayekuja.

Kesho yake, saa ya fonie ilipofika, aliingia kwa Céline akamwomba kiti. Céline alimtazama, akainuka. Kavugho alikuwa hajawahi kusema kwenye chombo kile. Alifinya kitufe kwa nguvu mno na mwanzo wa maneno yake ukakatika, ikabidi aanze upya.

"Hapa depo Bweremana. Miye Kavugho, wa programu. Ile komande tatu ya Kalembe haikutumwa na Mama Adelaïde. Yeye alituma moja. Programu njo ilimudanganya. Nimeona, nimejaribu, iko vile. Mama Adelaïde hakuiba."

Alipoachia kitufe alisikia hatua nyuma yake. Benoît alikuwa mlangoni. Hakuingia. Alisimama hapo na mkono mmoja juu ya fremu. Kwenye redio kulikuwa na mvumo mtupu tu.

Kisha sauti ya mwanamume ikatoka, ya mbali, inayopanda na kushuka. Ilikuwa ya Trésor, muuguzi wa kituo kimoja katika msitu wa Walikale.

"Na kwangu iko vile vile," alisema. "Karto mbili za dawa ya zaidi ziko chini ya kitanda yangu. Nilisikia vile mulifanyia mwenzetu wa Kalembe, nikaogopa kusema."

Baada yake akasema mwingine, kisha mwingine. Mmoja alikuwa amefukia maji ya chupa, yale ya kutundika, nyuma ya choo. Mwingine alikuwa anayapeleka madawa kidogo kidogo kwenye kituo cha jirani, kwa siri kama mtu anayeiba, wakati alikuwa anagawa. Walikuwa wamekaa huko juu kila mmoja na ziada yake na hofu yake, wakidhani ni peke yao. Benoît aliingia hatimaye. Alimwomba Kavugho kiti, akaketi, akafinya kitufe kwa mkono uliozoea, akasema maneno ya Kavugho ndiyo ya depo yote, na kwamba anaomba radhi. Baadaye alimwambia Kavugho kwamba alimvunjia heshima, siku nyingine asirudie. Kavugho alisema ndiyo Papa. Wote wawili walikuwa wamechoka mno kuligombania jambo lile.

Wafadhili walikuja, wakaambiwa. Hawakufunga kitu. Walisikitika kwa sauti nzuri, wakataka maelezo, wakarudi kwao.

Kurekebisha kwenyewe hakukuwa kugumu. Kavugho aliipa kila komande alama yake, inayozaliwa kwenye simu muuguzi anapofinya mara ya kwanza, na isiyobadilika hata akituma kutwa nzima. Seva ikiona alama inayoijua, haiandiki upya. Inajibu tu kwamba hiyo nilishaipata. Kikomo cha kusubiri alikirefusha. Maneno mekundu aliyaondoa, akaweka mengine: jibu bado halijafika, usitume tena, nitauliza mwenyewe. Yaliyomchosha ni maandalizi ya majaribio, aliyoyaandika upya kutoka mwanzo. Alitengeneza seva inayochelewa, seva inayokatika katikati ya neno, seva inayojibu maswali ya jana. Aliiweka Kalembe ndani ya mashine, kadiri alivyoweza. Majaribio sasa yalichukua muda, na betri zikiisha katikati alisubiri jua akaanza tena.

Jambo ambalo hakulitegemea ni kwamba Adelaïde hakurudi Kalembe. Kavugho alimpelekea habari ya kurudishwa kazini kama mtu anayebeba zawadi, na Adelaïde akaipokea, akashukuru, akaiweka pembeni. Shemeji yake alikuwa amemtumia ujumbe. Maneno ya fonie yalisikiwa na wauguzi. Wenye bunduki hawakuyasikia, na kama waliyasikia, walishapenda zaidi yale ya kwanza. Nyumba yake ilikuwa imefikwa usiku na watu waliouliza aliko.

"Programu umeitengeneza," alimwambia Kavugho. "Kinywa ya bantu, hiyo utaitengeneza na nini?"

Kwa siku nyingi Kavugho alijikuta anatafuta jibu la swali hilo akiwa ameshika kazi nyingine.

Kwa hiyo Kalembe ilipata muuguzi mwingine, na Adelaïde akabaki pwani. Hakukaa bure. Shule ya msingi ilikuwa imejaa waliokimbia vita, na Benoît akampa darasa moja, meza na karto za dawa. Alitibu hapo tangu asubuhi, wagonjwa wakiwa wamepanga mstari hadi uwanjani, na wengi wao walikuwa watu wa milima yake mwenyewe. Alipowakuta waliokuwa wakimsema vibaya Kalembe, aliwapima homa kama wengine.

Mapigano yalipofika Shasha, karibu kiasi cha kusikia milango ikitetemeka, shirika lilipakia depo kwenye mashua na kuihamishia ng'ambo ya ghuba. Kavugho aliibeba seva mapajani, imefungwa ndani ya kitenge cha mama yake, na mama yake akabeba masanduku ya sabuni iliyobaki akikataa katakata kuiacha. Palipotulia kidogo walirudi. Wakaondoka tena, wakarudi tena. Kila walipofika mahali Kavugho aliwasha mashine, akaendesha majaribio, akangoja. Jules aliendelea kumpigia kutoka Kampala. Mwishowe alimjibu waziwazi kwamba mama yake hataki kuondoka, naye hana nguvu ya kuanza kumkosa mtu. Jules alielewa, au alisema ameelewa.

Siku moja ya Jumamosi alimpelekea Adelaïde chakula kule shuleni, bugali na sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa lile. Mstari ulikuwa umekatika kwa muda. Mvua ilikuwa imewafukuza watu chini ya paa. Walikula wameketi chini, migongo ukutani, chini ya ubao ambao bado ulikuwa na hesabu za kugawanya. Adelaïde alinawa vidole, akasema tangu wafahamiane hajawahi kuelewa Kavugho anafanya nini kutwa nzima mbele ya ile mashine, amweleze basi leo, kuna nafasi.

Kavugho alianza tangu mwanzo. Alimweleza kuhusu kiunzi, na kikomo, na jinsi mashine inavyoamua kwamba imesubiri vya kutosha. Alieleza seva za bandia moja moja, na kwa nini ile inayosikia bila kujibu ndiyo mbaya kuliko zote. Aliona anaeleza vizuri, vizuri kuliko alivyomweleza Benoît au wafadhili, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alihisi kazi yake ni kitu ambacho mtu anaweza kukipenda. Alipofika kwenye alama ya komande aligeuka amuulize kama wako pamoja.

Adelaïde alikuwa amelala. Mdomo wazi kidogo, kichwa kimeegemea ukutani, mikono imelala mapajani na viganja juu. Kavugho aliiondoa sahani isije ikapinduka. Uwanjani mvua ilikuwa inapungua na mtu wa kwanza alishaanza kurudi kwenye mstari, bibi mwenye mtoto mgongoni. Kavugho alimpungia mkono kumwomba asubiri kidogo tu, na bibi akakubali kwa kichwa, akajiinamia pale mlangoni.